Vipimo vya Mama Shija

Mama Shija alimaliza chupa ya pili ya maji kabla sijamaliza kumpima mabega.

"Jua la leo si mchezo," alisema, akajifuta mdomo kwa kiganja.

Nje kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Mimi nimezaliwa na shuku. Mama yangu alikuwa akisema, Kalunde ukimpa yai atalitikisa kwanza sikioni ndipo aseme asante. Lakini kushuku ni jambo moja na kusema ni jingine, na katika kusema nimekuwa mwoga maisha yangu yote.

Nilikuwa nimevua miwani. Mafundi cherehani tunaruhusiwa kuivua tukiwa kazini kwa sababu ya sindano na mkasi, na katika mtaa wetu wa Isevya ni sisi tu na madaktari wenye ruhusa hiyo. Watu wengine huvaa miwani ya Baraza, ule mtandao unaotuunganisha sote, kuanzia wanapoamka hadi wanapolala, na kuivua mbele ya mtu mzima ni kama kumwingilia chumbani bila hodi. Kupitia miwani unamwona mwenzako kwa sura aliyojichagulia. Naye anakuona kwa sura uliyojichagulia wewe. Sura yangu mimi nimeipunguza tumbo na kuiongeza shingo kidogo, sitakudanganya. Nani hajafanya hivyo?

"Nambie ukweli, shoga," Mama Shija alisema akijigeuza mbele ya kioo, yeye na miwani yake machoni. "Hizi nyonga si zimezidi? Wakwe wasije wakasema mama wa bibi harusi anataka kuolewa yeye."

Alicheka kicheko chake kile cha kurusha kichwa nyuma. Nami nikacheka. Mikononi mwangu nilikuwa nimeshika mabega yaliyochongoka kama kona za meza, na mifupa ya mgongo ungeweza kuihesabu. Nilizungusha futi yangu ya kupimia kiunoni. Ikasoma sentimita hamsini na tisa.

Nikaivuta upya, nikidhani nimeikunja. Hamsini na tisa.

Mezani pangu, kwenye meza ya kukatia ambayo imeunganishwa na Baraza, vipimo vyake vilikuwa vimeshafika kutoka kwenye miwani yake mwenyewe. Kiuno: tisini na mbili.

"Umenawiri," nilimwambia.

"Watu wote wananiambia hivyo," alisema, na uso wake ukang'aa kwa furaha ambayo haikuhitaji miwani kuiona. "Jana nimeweka sura yangu Barazani nikiwa na lile gauni la kijani. Watu elfu mbili wameipenda, Kalunde. Hadi wifi yangu wa kule Nzega. Yule yule!"

Yule wifi namjua. Yeye na dada zake ndio waliomwita Mama Shija "Ufito" tangu wiki ya kwanza ya ndoa, mpaka watoto wa mtaani wakadhani ndilo jina alilopewa kanisani. Marehemu mumewe alikuwa akilisikia na kucheka. Miaka ishirini na saba mwanamke yule alitembea amejikunja, anavaa khanga mbili juu ya gauni ili aonekane ana kitu ndani. Sasa alikuwa anasimama mbele ya kioo changu amejishika kiuno, na alikuwa anajipenda. Ni mimi niliyekuwa na futi mkononi.

"Maji yako yana baridi nzuri," alisema. "Niongeze."

*

Inabidi nieleze kumalizia.

Zamani nguo ilikatwa kwa vipimo vya mwili. Fundi alikupima, akasema namba kwa sauti, msaidizi akaandika. Na mimi nilipokuwa na miaka kumi na tisa fundi mmoja wa pale sokoni alinipima mbele ya foleni ya watu, akapaza sauti: "Kiuno tisini na nane! Jamani, huyu ni binti au pipa?" Kuna aliyerekodi. Kufikia jioni mji mzima wa Tabora ulikuwa unanijua kwa namba. Nilikaa ndani miezi mitatu, na si mimi peke yangu; wako ambao hawakutoka tena. Watu wazima, wenye watoto na kazi zao, walikuwa wanajinyima kula, wanajidunga sindano za uchochoroni, wanajitia kitanzi, kwa sababu ya picha na maneno ya watu wasiowajua. Kwa hiyo ilipokuja Sheria ya Staha, na Baraza na miwani yake, mimi nilipiga vigelegele. Kipimo cha mtu mzima hakisemwi kwa sauti. Hakiandikwi karatasini. Hutoka kwenye miwani yake kwenda Barazani, na Baraza huleta mezani kwa fundi. Niliapa kwa hayo na leseni yangu imetundikwa ukutani.

Tatizo ni kwamba Baraza huleta vipimo vya sura. Mwili haumo. Ukishona kwa namba zile, nguo haimkai mtu. Basi mafundi wote wanafanya jambo ambalo hakuna anayelitaja: kumalizia. Meza ikishakata, fundi anavua miwani, anamwangalia mteja, anashika hapa na pale, halafu mwenye sura nyembamba anamwachia mshono, na mwenye sura nene anambana. Mteja anavaa, nguo inakaa kama ngozi, anaamini Baraza. Fundi mzuri ni yule ambaye kumalizia kwake hakuonekani. Na mimi ni fundi mzuri.

Kwa Mama Shija nilianza kumalizia Pasaka ya mwaka jana. Mara ya kwanza nilibana sentimita sita, nikasema ni kawaida. Mara ya pili kumi. Lile gauni la kijani lililopendwa na watu elfu mbili nimelibana mara tatu bila yeye kujua, kila alipolileta nibadilishe zipu au nitie kishikizo.

Ungeuliza, mtu hajioni akiwa anaoga? Hata kabla ya miwani mtu hakuwa anajiona. Mwili unaoishi nao kila siku huuoni ukibadilika, na mkono huamini kile jicho limeshaamini. Mizani ya bafuni kwake nayo ni ya Baraza.

Na kwetu, hata kungekuwa hakuna sheria, nani anamwambia mtu mzima "umekonda"? Neno lile ni sawa na kumwambia "unaumwa", na kumwambia anaumwa ni sawa na kumwombea kifo. Watu waliozikwa wakiambiwa wamenawiri tu ni wengi.

*

Alipoondoka nilifunga mlango, nikavaa miwani, nikamwita Mhudumu wa Baraza. Huwa anakuja kwa sauti ya mwanamke wa makamo, mpole, mwenye lafudhi ya kwetu kabisa. Hilo peke yake linanitia shaka. Nani kamfundisha kuvuta maneno kama mtu wa Sikonge?

"Shikamoo, Bi Kalunde," alisema.

"Marahaba. Nina swali kuhusu mteja."

"Karibu. Mteja wako ameridhika kwa asilimia tisini na sita. Hongera."

"Sikuuliza hilo. Mteja akiwa anapungua mwili, ninyi mnajua?"

Alikawia kidogo. Mashine haina haja ya kukawia, kwa hiyo nadhani amefundishwa.

"Sura ya mteja haijapungua, Bi Kalunde. Imeongezeka kila wiki kwa kiasi alichokifurahia."

"Nani anaamua hicho kiasi?"

"Yeye mwenyewe. Tunampa kidogo, tunaona amekaa mbele ya kioo muda gani. Akikaa zaidi, tunaongeza. Hatumpi yote anayoyataka, maana mtu aliyeridhika kabisa huondoka. Tunamwachia hamu."

Alisema hivyo kwa upole ule ule, kama anayenielekeza duka la vifungo.

"Anakunywa maji mengi," nilisema. "Yanapita kabla hajakaa vizuri. Amechoka. Miguu inamwaka moto. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari, najua ninachokiona."

"Pole kwa mama yako."

"Miwani yake mnaipima? Macho yake yakoje?"

"Miwani hurekebisha macho ya kila mteja ili aone vizuri."

"Ya kwake mmeirekebisha mara ngapi?"

"Mara kumi na moja mwaka huu."

"Na hamkumwambia?"

"Mteja hajauliza. Hatutoi habari ya mwili ambayo mteja hakuiomba. Ndiyo staha, Bi Kalunde. Hata wewe uliapa." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Naona umekuwa na wasiwasi. Ungependa tukuangalizie sura yako? Shingo ingeweza kupendeza zaidi."

Nilivua miwani, nikaitupa kwenye kapu la vitambaa.

Nilikaa pale nikiwa na hasira, na hasira ilipopoa kidogo ikabaki hofu, kwa sababu nilijua kwamba yule Mhudumu hakudanganya hata neno moja. Walikuwa wanajua na wananyamaza. Na mimi? Nilikuwa najua na nabana mshono.

Ningemwambia, ningevunja kiapo, leseni ingekwenda, na kazi nyingine siijui. Hilo ningelimeza. Lililonikaba ni uso wake. Jumamosi ilikuwa sendofu ya Shija, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mama yule alitaka kuangaliwa. Nani kanipa mimi haki ya kumrudishia jina la Ufito siku mbili kabla mwanawe hajaagwa? Mimi, niliyewahi kuitwa pipa, nimsomee mwenzangu namba?

Lakini mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Aliambiwa amenawiri mpaka Jumanne. Alhamisi tulimzika.

Niliwasha meza. Nikakata gauni la sendofu kwa vipimo vya Baraza, sentimita kwa sentimita. Nikalishona, nikalitia bitana, nikatia zipu. Sikumalizia.

*

Alhamisi asubuhi alikuja mapema, amepaka hina, anahema kidogo kutokana na zile ngazi tatu za mlangoni. Akaenda nyuma ya pazia na gauni lake la rangi ya zambarau.

Nilisikia zipu ikipanda. Kisha nikasikia kitambaa kikianguka.

"Kalunde." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umefanya nini?"

Alitoka ameshika gauni kifuani kwa mikono miwili. Lilikuwa limemteleza mabegani likashuka lote; lililobaki alilikumbatia kama mtu aliyebeba shuka za kufua. Kupitia kioo aliona sura yake ya Baraza, nene, imetulia, na juu ya sura ile gauni lisilokaa. Hata miwani ilikuwa haijui ifanye nini. Alisema anaona kingo za sura yake zinatetemeka.

"Nimeshona kwa vipimo vyako," nilisema.

"Vipimo vyangu! Hili ni turubai! Shija amenunua kitambaa hiki kwa mshahara wake wa kwanza, wewe unakiharibu?" Kisha akaniangalia kwa muda, na sikuipenda namna alivyoniangalia. "Au umefanya makusudi. Eh? Unadhani sikuoni? Tangu ninenepe umebadilika. Unanikodolea, unanishikashika mgongo, hucheki kama zamani. Nilijiambia, si Kalunde, Kalunde ni ndugu. Kumbe kijicho."

Yaliniuma, nami nilistahili. Nilikwenda kabatini, nikatoa chini ya mabunda ya bitana kitu ambacho fundi mwenye leseni hapaswi kuwa nacho. Daftari. Niliianza tabia hiyo nikiwa mwanafunzi wa cherehani na sikuweza kuiacha: kila mteja ukurasa wake, vipimo vya futi, na kipande cha kitambaa chake kimebanwa kwa pini pembeni.

"Umelileta lile gauni la kijani?"

"Liko kwenye mfuko, kishikizo kimetoka tena. La nini?"

"Lipindue ndani nje. Pita na kidole kwenye mshono wa ubavuni."

Alikaa kwenye stuli. Alipitisha kidole, akasita, akakirudisha. Mistari mitatu ya uzi, mmoja ndani ya mwingine, na kitambaa kilichozidi kimekunjwa kimefichwa kwa ustadi wangu wote.

"Huu wa nje ni wa Pasaka ya mwaka jana," nilisema. "Wa katikati ni wa Oktoba. Wa ndani ni wa mwezi uliopita." Nikamfungulia ukurasa wake. Vipande saba vya vitambaa, na pembeni ya kila kimoja mwandiko wangu. Namba zilikuwa zinashuka.

Hakuuliza namba zile maana yake nini. Alizisoma kwa muda mrefu, daftari amelisogeza karibu na pua.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Pasaka hii?"

"Ya mwaka jana."

"Miezi kumi na minne," alisema. "Unanipima, unanichekea, unaniambia nimenawiri. Wale wa Barazani hawanijui, Kalunde. Hawajawahi kula kwangu. Wewe umemshika Shija siku anazaliwa."

"Nilikuwa mwoga."

"Ulikuwa unanishonea uongo."

"Ndiyo," nilisema, na machozi yakanitoka, sikuyazuia. "Nisamehe. Nadhani una sukari, Mama Shija. Maji yale, na miguu, na uchovu. Si mwisho wa dunia, dawa zipo, lakini twende leo. Siwezi kukushonea gauni la sendofu nikawa nimekushonea sanda."

Nilidhani atainuka aondoke na hatanisemesha tena mpaka kufa. Badala yake alipandisha mikono, akashika miwani kwa vidole vyake vya hina, akaivua.

Akapepesa macho. Akageuza kichwa kwenye kioo, halafu dirishani, halafu kwangu.

"Kalunde?"

"Niko hapa."

"Mbona umekuwa ukungu?" Alinyoosha mkono mbele yake kama anayetafuta mlango. "Mbona sioni? Nimevua tu, mbona sioni?"

Nilimshika ule mkono. Nilimwambia kuhusu yale marekebisho kumi na moja. Alisikiliza hadi mwisho. Sijawahi kumwona mtu akiogopa namna ile akiwa ametulia.

"Nipime," alisema.

"Twende kwanza hospitali, mengine baadaye."

"Nipime, Kalunde. Na useme kwa sauti. Siwezi kuona, basi nisikie."

Nilitazama meza. Inasikia, kila fundi anajua inasikia. Nilitazama leseni yangu ukutani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa tena, na mtu amepaza sauti, na watu wanacheka. Kisha nikazungusha futi kiunoni mwa rafiki yangu.

"Kiuno," nilisema. "Hamsini na tisa."

Meza ikazima taa zake. Sauti ile ya mama wa makamo ikasema kwa upole kwamba leseni ya fundi imesitishwa, na kwamba inasikitika.

"Endelea," alisema Mama Shija.

"Kifua, sabini na moja."

"Endelea."

Nilimsomea yote mpaka vifundo vya mikono. Alikuwa analia bila sauti, lakini hakujikunja. Nilipomaliza nilimvalisha gauni la zambarau, nikalibana mgongoni kwa pini kumi na nne, palepale mbele yake, kila pini nikimwambia naiweka wapi. Miwani yake aliiacha kwenye stuli. Ya kwangu bado ilikuwa kwenye kapu.

Tulitoka tumeshikana mikono, yeye akitafuta ngazi kwa unyayo.

Pale kwenye genge la mboga mbele ya duka langu alikuwepo Mama Tunu, anapanga nyanya kwenye visado vyake vya kupimia, na miwani yake safi imekaa puani. Alituona, akainua mikono yote miwili.

"He! Mama wa bibi harusi huyo! Mama Shija, jamani, umenawiri!"

Nilihisi vidole vya Mama Shija vikinibana. Alisimama. Aligeuza uso kule sauti ilikotoka.

"Ninaumwa, Mama Tunu," alisema kwa nguvu, mtaa mzima usikie. "Vua miwani unione."

Mama Tunu alicheka, kisha akaacha kucheka. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye miwani, ukasita hapo kitambo. Kisha akaivua, na nikamwona anaangaza macho huku na huku akimtafuta Mama Shija mnene aliyemzoea, ilhali wa kweli alikuwa amesimama mbele yake.